Kiti cha Katikati Hakikaliwi

Kyimo,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mkwe wangu,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu najijua, nitazunguka mpaka karatasi iishe. Haya, wasalimie baba yako mzee Zubery na mama.

Barua hii anakuletea dada yangu Tulinagwe, anayeshuka na ndizi sokoni Tukuyu. Simu ninayo na namba yako ninayo, mwanangu Erasto aliniwekea. Lakini simu ina sauti, na kwa ukutila wetu, mwiko wa wakwe kukaribiana, sauti ya baba mkwe na mkamwana ni sawa na kukutana uso kwa uso. Wewe umezaliwa Tukuyu, unajua. Umewaona akina mama wanavyoingia migombani wakimwona baba mkwe anakuja barabarani. Marehemu mke wangu Sekela aliishi na baba yangu kwenye boma moja, na mzee alikufa hajui vizuri sura yake. Ndivyo nilivyokulia. Sijitetei, naeleza.

Erasto aliponiambia kwamba nitatoka hospitali Dar na mpira wa mkojo, kwamba basi la kutwa nzima daktari amelikataa, kwamba yeye kazini wamemnyima ruhusa na wewe ndiye utakayenisindikiza, nilisema basi nitabaki hukohuko mpaka nipone au nife. Akacheka. Akachukua bahasha ya dawa akanichorea.

"Tata, huku nyuma watu wanakaa watatu watatu. Huku mbele, bizinesi, viti ni vitatu vilevile ila cha katikati hakikaliwi. Shamsia dirishani, wewe huku kwenye njia karibu na choo. Katikati hamna mtu."

Nikaitazama ile picha muda mrefu. Nikasema hawa wenye ndege wana akili, kumbe wanajua kuna wakwe duniani.

Na nilipoingia nikaona kweli. Kiti kipo, kitupu, wamekiwekea kimeza cha vikombe. Wewe ukatazama mawingu, mimi nikatazama pazia. Moyo ukatulia. Halafu ule mpira ukachomoka.

Wewe ndiye uliyeona kwanza, maana mimi nilikuwa naona haya hata kujitazama. Ulikitoa kile kimeza ukahamia katikati. Ukavua kanga yako ya mabegani ukanifunika mapajani, ukainama kuushika ule mfuko usiendelee kumwaga. Bega lako likagusa mkono wangu. Mhudumu akaja, akauliza kama kuna tatizo, na wale wa upande wa pili wakageuka. Nikasema kwa sauti, "Simjui mwanamke huyu. Mtoeni hapa."

Ulinyanyuka. Mhudumu akakupeleka nyuma ya pazia.

Hilo ndilo kosa langu. Kanga nimeifua mwenyewe, sikumwachia Tulinagwe. Ameibeba pamoja na barua hii.

Nasikia hukurudi Dar, upo kwa wazazi, na Erasto hapokei simu zako. Sijui nani kamwambia nini. Nyinyi vijana mna maneno mengi kwenye simu. Nilitaka tu ujue najuta.

Ni mimi baba mkwe wako,
Ambindwile


Tukuyu mjini,
Jumamosi, 7 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Kanga nimeipata. Mama aliuliza imetoka wapi, nikamwambia niliisahau kwenye ndege.

Asante kwa kuandika. Shangazi Tulinagwe alikaa kwetu akanywa chai vikombe viwili, akasema, "Kaka yangu siku hizi anaandika barua kama kijana anayetongoza." Baba yangu alicheka mpaka akajichoma na sindano ya cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka humu ndani tangu nije.

Kuhusu kile kiti. Baba, hakikuachwa kwa ajili ya wakwe. Wanaokaa mbele wanalipa zaidi, wanataka pa kuweka viwiko, basi kiti kinaachwa. Ingekuwa ndege nyingine tungekaa wawili wawili, mimi na wewe bega kwa bega tangu Dar hadi uwanja wa Songwe. Nilijua hilo na Erasto alijua. Tulikaa wiki nzima tunatafuta siku yenye ndege ya viti vitatu, ili usipate taabu. Naomba ujue kwamba tuliitafuta.

Na kwa kuwa umeniambia ya mbele, na mimi nikuambie ya nyuma.

Nyuma kulikuwa na nafasi moja tu. Ilikuwa ya katikati. Huko kinakaliwa. Kulia kwangu alikuwa baba mmoja mnene, alishalala, na nilipokaa tu kichwa chake kikaja begani kwangu na kikabaki hapo. Kushoto kijana anatafuna karanga, goti lake limebana langu, ananiuliza naitwa nani, nakaa wapi, kwa nini nalia, kama nina mume. Sikuwa na kanga ya kujifunika. Nilikunja mikono kifuani, nikakaa hivyo mpaka tunatua.

Umesema bega langu liligusa mkono wako. Nimesoma hapo mara nyingi. Ili mimi na wewe tusigusane, ulinituma nikakae katikati ya wanaume wawili nisiowajua. Mila inasema nini juu ya hilo? Sikuulizi kwa kejeli. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo.

Erasto amenipigia mara moja tu, usiku ule tulipofika. Alisema, "Umemdhalilisha baba yangu," akakata. Kama unajua alichoambiwa, naomba uniambie.

Mkweo,
Shamsia


Dar es Salaam,
Jumanne, 10 Juni 2025

Shikamoo Tata,

Hizi dawa nimempa kondakta, zinatosha mpaka mwezi ujao. Nimeandika na hapa kwa sababu kwenye simu ukisikia jina la Shamsia unasema mtandao mbaya.

Nimeamua. Siwezi kuishi na mtu aliyemcheka baba yangu akiwa mgonjwa. Kila nikikumbuka ulivyoniambia kwenye simu ulipotua Songwe, kwamba mpira ulichomoka na yeye akacheka na kumwita mhudumu aje aone, siwezi kupokea simu yake. Nilimtumia meseji nikamuuliza ilikuwaje. Kajibu, "Muulize baba." Hakuna zaidi. Angekuwa hana kosa angejitetea. Mtu akinyamaza hivyo kakubali.

Jumamosi ya tarehe 21, saa nne, nitakuwa kwa mzee Zubery na baba mdogo Ackson. Nimeshampigia mzee nikamweleza sababu. Tutamaliza kwa heshima, kila mtu ashike njia yake. Wewe usije. Sitaki ukae chumba kimoja na yeye uaibike mara ya pili.

Mwanao,
Erasto


Kyimo,
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mkwe wangu,

Barua yako niliipata. Nikaisoma nimesimama, nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye shamba la chai, nikarudi, nikaisoma tena. Siku hizi sikai. Daktari aliutoa ule mpira zamani, lakini mwili wangu bado unakaa kama unao.

Umeuliza mila inasema nini. Sijui. Nilimuuliza mzee mwenzangu wa kanisa, Anyosisye, bila kutaja majina. Nikamwambia kuna mtu mmoja wa kijiji cha Masoko yamemkuta hayo. Akasema, "Huyo mtu wa Masoko alitakiwa ahamie yeye nyuma." Nimekaa na jibu hilo, linanichoma.

Sasa nina shauri. Erasto anakuja tarehe 21 na mdogo wangu Ackson. Wewe kabla ya hapo mwandikie meseji ndogo tu. Sema, nisamehe kama nilikosea. Usieleze mengi. Yeye ana moyo mwepesi kama mama yake, akiona neno samahani atalegea, mtarudi Dar, na mambo ya ndege yatasahaulika. Maneno mengine yakichimbuliwa yanaumiza watu wengi. Mwanamke mwenye hekima hujishusha nyumba isimame.

Nakutumia mkungu wa ndizi za kupika na maparachichi. Tulinagwe anasema mkungu ni mkubwa mno kwa nyumba ya watu watatu. Nimemwambia anyamaze abebe.

Kuhusu alichoambiwa Erasto, mimi sikumbuki vizuri. Pale uwanjani nilikuwa na homa.

Baba mkwe wako,
Ambindwile


Tukuyu mjini,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Ndizi tumezigawa kwa majirani. Mama kaona haya kuzirudisha.

Nimeshajua alichoambiwa Erasto. Alimwambia baba yangu kwenye simu, na baba yangu kaniita akazima cherehani. Unajua yeye hazimi cherehani hata kukiwa na msiba wa jirani. Akasema, "Shamsia, ulimcheka mkweo?"

Nikasema hapana.

"Basi kilitokea nini?"

Nikanyamaza.

Akauliza tena. Mama akauliza. Shangazi zangu wametoka Mbeya wakauliza. Nimenyamaza kwa wote, na sasa hata hapa nyumbani wananitazama kama wanavyomtazama mtu aliyeiba.

Nikuambie kwa nini. Nikisema sikucheka, watauliza basi ulikuwa unafanya nini kwenye kiti cha katikati. Nikisema nilikuwa nafanya nini, itabidi niseme ulikuwa na hali gani. Suruali yako, kiti kile, ule mfuko mikononi mwangu. Baba yangu ni mshonaji wako. Kila akikushonea suruali atakumbuka. Mama ni mama, atamwambia dada yake. Ikifika sokoni, mzee wa kanisa wa Kyimo hatapita tena Tukuyu bila mtu kuziba mdomo. Si langu kulisema hilo. Wewe unauita ukutila. Mimi kwetu sina neno lake, ila najua mkwe hatangazi uchi wa baba wa mumewe.

Nilidhani tunanyamaza wote wawili. Kumbe mimi nilikuwa nanyamaza, na wewe ulikuwa unasema.

Halafu unaniandikia niombe samahani. Kwa kosa gani, baba? Nitaje lipi? Nikiomba samahani nimekiri kwamba nilicheka, na nitaishi na Erasto maisha yangu yote kama mwanamke aliyecheka. Watoto wangu wataambiwa. Hapana. Afadhali aniache.

Na mimi nampenda Erasto. Naandika hili kwako kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia, simu zangu hapokei. Tulipokuwa tunatafuta ile ndege alikuwa anakesha na simu kitandani, anahesabu viti kwa kidole, anasema, "Baba akikaa hapa, wewe hapa, hawezi kuona vibaya." Alikuwa na furaha kama mtoto. Sitamwambia kwamba ni wewe uliyesema uongo. Nikimwambia atakosa baba. Hata usiponiambia wewe ninyamaze, nitanyamaza mwenyewe. Lakini usiniite tena mwanamke mwenye hekima.

Barua usinitumie nyingine ya kujuta. Majuto yako hayasikiki hapa. Humu ndani wanasikia anayeongea kwa mdomo.

Shamsia


Kyimo,
Jumanne, 17 Juni 2025

Shamsia,

Nimekuita jina. Mkono umesita kidogo, halafu umeandika.

Sikuwa na homa. Nakumbuka kila kitu. Pale Songwe nilishuka wa mwisho, nimejifunga kanga yako kiunoni, natembea kama kuku aliyenyeshewa. Wewe ulikuwa umesimama mbali karibu na mizigo, unajifuta macho. Simu ikalia, Erasto. Anauliza kwa furaha, "Tata, mmekaaje huko mbele?" Nikaona sasa atakupigia wewe, utamwambia nilivyokufukuza. Mwanangu kanunua viti vile kwa ajili ya heshima yangu, na mimi nimemtupa mkewe nyuma kama mzigo. Nikamtangulia. Nikasema ulicheka. Nilipoona amekasirika nikaongeza la mhudumu. Lilitoka lenyewe, kama mtu anayeteremka mlima kwenye matope, mguu wa kwanza ukiteleza wa pili unafuata.

Na kile nilichosema ndani ya ndege, Simjui mwanamke huyu, sikukisema kwa ajili ya mila. Nimejidanganya hapo mwezi mzima, na wewe nikakudanganya kwenye barua ya kwanza. Mila ingekuwa ndiyo shida ningefumba macho, ningegeuza uso, ningenyanyuka mwenyewe kama alivyosema Anyosisye. Nilisema vile kwa sababu nililowa, na wewe uliniona. Nilitaka aliyeniona aondoke. Mila ilikuwa karibu, nikaivaa.

Jumapili nilijaribu kumwambia Erasto. Nilipiga, akapokea kwa haraka, "Tata, vipi, umeumwa?" Nikamuuliza kama Dar kuna mvua. Akasema hamna. Nikasema huku ukungu. Tukaagana. Nikapiga tena jioni, nikamuuliza bei ya mchele. Kaniuliza kama ninamficha ugonjwa.

Jana nikamwambia Tulinagwe. Yote. Alikuwa anamenya ndizi, nikangoja acheke, maana huyu hucheka hata ibadani. Hakucheka. Akasema, "Umelowa suruali. Basi? Mimi nimekuuguza tangu mpira wako wa kwanza, nani hajui mgonjwa analowa?" Akamenya nyingine. Halafu akasema, "Yule binti wa fundi amekubeba mwezi mzima mgongoni kama mtoto, na wewe unampiga mateke." Akaniambia niondoke mbele yake. Chakula cha jioni akanipakulia lakini hakukaa na mimi.

Basi nimekaa peke yangu nikafikiri. Erasto ameniambia nisije Jumamosi. Anataka kunilinda nisiaibike. Nikikaa hapa Kyimo, heshima yangu inabaki nzima, na wewe unaondoka kwake na jina la mwanamke aliyecheka. Nikija, itabidi niseme mbele ya mzee Zubery, mama yako, shangazi zako, mdogo wangu Ackson na mwanangu. Na mbele yako, chumba kimoja, uso wazi. Sijawahi kukaa hivyo na mkamwana. Baba yangu hakuwahi.

Sitamwambia Erasto kwanza kwenye simu. Nimeshaona simu inavyonishinda, inanipa mlango wa kutokea kila mara. Na nikimwambia pembeni, atakuja kwenu na maneno matamu, mtapatana, na shangazi zako watabaki wanasema alisamehewa. Ulisemwa mbele ya watu. Utasafishwa mbele ya watu.

Sikuombi unitetee. Mama yako akiniuliza jambo, usijibu kwa niaba yangu. Ukiona nimekwama, uniache nikwame, nitaendelea. Na Erasto akiniacha baada ya hapo, ni juu yangu mimi na yeye, wewe usilibebe. Kama utamrudia au hutamrudia, hilo ni lako, nami sitaleta mkungu wala mjumbe kukushawishi.

Mwambie baba yako awaandalie viti watu wengine, mimi sikai. Jumamosi tarehe 21, kabla ya saa nne, nitapanda gari hapa Kyimo na Tulinagwe, na nitakuwa nimesimama sebuleni kwenu Erasto akiingia. Sitamwacha aanze. Nitasalimu, halafu nitasema: Mimi Ambindwile, kwenye ndege, mpira ulichomoka, nikajikojolea, na Shamsia binti Zubery akanifunika.

Ambindwile